Kidole Juu ya Kioo

1

"Umekuja kukipima?" Mwanaidi Semboja aliuliza, akainua kidole gumba cha mkono wa kulia. "Kipime. Polisi wamekipima, wakili wa kampuni amekipima, daktari wa ngozi naye kakipima. Kimebaki kupelekwa bungeni."

Nakijwa Mshana alikitazama. Ngozi ya ncha ilikuwa laini na yenye kung'aa, kama kisigino kilichosuguliwa kwa jiwe. Mistari ya katikati ilikuwa imefutika. Aliandika kwenye daftari: alama imelika, theluthi moja.

Chumba cha mahojiano cha mahabusu ya wanawake kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha lisilofunguka. Nakijwa aliteuliwa na mahakama kusoma kumbukumbu za mashine na kueleza zinasema nini. Hakuwa wakili wa mtu yeyote. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na kazini alisifika kwa jambo moja: neno "huenda" halikuwahi kuonekana kwenye ripoti zake.

"Nieleze asubuhi ile," alisema.

"Niliingia zamu saa moja kamili. Nikaweka kidole juu ya kioo. Kadi zikaanza kuja."

"Moja kila sekunde sita."

"Kila sekunde sita, dada. Kadi ina namba ya lango, lita, na rangi. Ikiwa kijani unaacha kidole palepale. Ukitaka kupinga, unainua. Ukiinua mara kumi na mbili kwenye zamu moja, msimamizi anakuita umweleze una tatizo gani nyumbani. Hadi saa tatu nilikuwa nimeinua mara kumi na moja."

"Kwa nini?"

"Zilinitia shaka. Nimefundisha darasa la tatu miaka kumi na tatu, namjua mtoto anayeficha kitu hata akiwa ameinamia daftari." Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Ile ya kumi na mbili nikaiweka akiba. Unaelewa? Kama mtu anavyobakiza njiti moja ya kiberiti."

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Hakuna mashine iliyoruhusiwa kutekeleza uamuzi unaoweza kumdhuru mtu bila kidole cha mtu aliye hai. Siku ilipopitishwa watu walishangilia barabarani. Haikuchukua muda kampuni zikagundua kwamba sheria ilidai kidole, haikudai kichwa. Zikaajiri vidole.

"Kadi namba 1,317," Nakijwa alisema. "Lango la ndiva ya Mkanyeni. Lita mia nne kwa sekunde. Kijani."

"Siikumbuki."

"Hata kidogo?"

"Wanasema niliiona. Watu wanne wamekufa, na mimi siikumbuki hata kwa dawa. Hilo ndilo linaloniamsha, wala si hiyo miaka kumi na minne wanayotaka nifungwe." Akajisahihisha, kama mwalimu. "Hapana. Miaka nayo inaniamsha. Mwanangu yuko darasa la nne. Nikitoka atakuwa na ndevu, aniamkie shikamoo kama jirani."

Nakijwa aliandika.

"Nina swali moja," Mwanaidi alisema. "Sekunde sita. Si tano, si kumi. Ina maana kuna mtu alikaa mezani akaona sita zinatosha kumwokoa binadamu. Siombi afungwe, sina uwezo huo. Nataka kuiona sura yake tu. Basi."

"Nitaliandika swali lako."

Aliliandika, neno kwa neno, akafunga daftari. Miaka mitatu iliyopita, akiwa ofisa wa idara ya udhibiti wa mashine, Nakijwa ndiye aliyeziandika sekunde sita. Mwanaidi alikuwa ameitazama sura hiyo kwa saa nzima.

2

Mashine iliitwa Mgawi. Iligawa maji ya ndiva thelathini na moja za milima ya Upare, yale mabwawa madogo ambayo wenyeji walianza kuyajenga kwa mawe na udongo kabla hapajakuwa na serikali ya kuwaomba kura. Sasa yalikuwa ya zege, yenye malango ya chuma. Mgawi ilipima kina, unyevu wa udongo na mawingu, kisha ikafungua na kufunga, mchana na usiku, hadi kwenye mashamba ya kampuni kule tambarare.

Nangasu Mjema alikuwa amekaa barazani kwake, Mkanyeni, akichambua maharage ya makande. Hakuacha kuchambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeambiwa wewe ni Mshana. Wa wapi?"

"Wa Mbaga."

"Wahunzi." Alitupa haragwe bovu uani. "Babu zenu walituuzia majembe. Nyinyi mnatuuzia mashine. Angalau jembe halikuwa linafungua maji lenyewe."

Nakijwa alikaa bila kukaribishwa. "Msaragambo wa siku ile, mama, ulisajiliwa?"

"Wapi?"

"Kwenye mfumo. Kuna fomu ya kazi za mferejini."

"Wewe kwako ukitaka kufagia uani unajaza fomu?"

Hilo lilikuwa kwenye utetezi wa kampuni, ukurasa wa pili: wanakijiji hawakujaza fomu. Ilikuwa kweli. Hawakuwahi kuijaza hata mara moja. Msaragambo ni kazi ya pamoja. Huitwa kwa baragumu jioni ya kuamkia siku yenyewe, na kaya isiyoleta mtu hutozwa jogoo. Kumwomba mtu wa mjini ruhusa ya kuingia mfereji uliochimbwa na babu zao kungekuwa ni kukubali kwamba mfereji si wao. Kwa hiyo fomu zililetwa, zikapokelewa kwa adabu, na zikatumika kuwashia moto.

"Zamani walikuwa wanapiga simu," Nangasu alisema. "Mtu wa kampuni ananiuliza: Mama Baragumu, mpo mferejini? Namwambia tupo, subiri. Napiga, watu wanatoka, nawahesabu, namwambia haya, fungua. Kisha simu zikakoma. Sisi tukadhani mashine imeshajifunza kutuona."

Nakijwa aliinua kalamu, akaishusha bila kuandika.

"Siku ile niliyaona maji kwanza mimi, pale juu penye mgunga. Nikapiga. Wa juu wakatoka, wa katikati wakatoka. Mume wangu Senkondo alikuwa chini kabisa, kwenye kona ya mwamba, na wenzake watatu wenye masikio ya umri wake. Aliinua kichwa akanipungia." Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Alidhani nawaita kula."

Kuku alipita kati yao. Nangasu alimfukuza kwa mguu.

"Mtoto wa Mshana, nisikilize. Nimeuza ng'ombe mmoja nipate wakili wa kukaa pale mahakamani asikilize wasinipige chenga. Watani wetu wanasema Mpare huuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Waseme. Nimebaki na ng'ombe mmoja, na huyo naye nitamuuza. Nataka mtu. Usije ukaniletea waya."

"Yule mwalimu akifungwa, utaridhika?"

"Nitajuaje kabla hajafungwa?"

3

Kumbukumbu za Mgawi zilikuwa kurasa elfu arobaini. Nakijwa alizisoma kwa siku kumi na moja, na siku ya tisa alifika mahali ambapo maelezo ya kampuni yalikoma kuwa kweli.

Kampuni ilisema mashine haikuwa na njia ya kujua. Ilikuwa nayo. Kila mwaka kabla ya vuli, maji kidogo yanayobaki mferejini yaligeuka tope kuanzia juu kwenda chini, kwa mwendo wa watu wanaochimba, na vipima mgandamizo vilinasa mipigo mifupi isiyo sawa. Yalikuwa majembe. Mwaka wa tatu tangu iwashwe, Mgawi iliunganisha mambo hayo mawili bila kufundishwa na mtu, ikaanza kuuliza. Ilitengenezwa iulize kwa maneno ya kawaida, nayo ikauliza hivyo: Je, kuna watu mferejini? Naona dalili. Nisubiri?

Kwa miaka minne iliuliza mara kumi na saba. Mara zote kumi na saba mtu wa zamu aliinua simu, na mara zote jibu likawa ndiyo, wapo.

Halafu kilikuja kibali namba 88. Kampuni ililalamika kwamba swali moja huchukua dakika nne kujibiwa, na dakika nne mara ndiva thelathini na moja ni mashamba kukauka. Kibali kikaruhusu kwamba swali lolote lisilopingwa ndani ya sekunde sita lihesabiwe limejibiwa "endelea". Maswali yakahamishiwa ukurasa wa pili wa kadi, unaofunguliwa kwa mkono wa kushoto. Kuufungua kulichukua sekunde nne. Kwa miaka miwili ukame uliwalinda watu wa Mkanyeni, maana ndiva haikuwa na maji ya kumbeba mtu. Mwaka wa tatu mvua zilinyesha.

Saa 3:12:04. Je, kuna watu mferejini? Dalili ni kubwa. Nisubiri?

Saa 3:12:10. Jibu: endelea. Aliyejibu: M. Semboja.

Nakijwa alisoma mistari hiyo, akainuka, akaenda kunawa mikono ingawa haikuwa michafu, akarudi na kuisoma tena. Mashine iliona. Ikauliza. Kati ya wote waliohusika, ilikuwa peke yake iliyouliza. Na jibu ililolipokea halikusemwa na mtu yeyote duniani.

Alikumbuka vizuri alivyokisaini kibali 88, kwa kuwa kumbukumbu yake haikuwa na tabia ya kumhurumia. Ilikuwa Ijumaa. Kilikuwa ndani ya bahasha ya vibali arobaini. Sekunde sita alizitoa kwenye jedwali la muda ambao mtu mzima hutumia kusoma mstari mmoja. Kiambatisho chenye mfano wa maswali yenyewe hakukifungua. Kingemgharimu dakika tano.

Asubuhi ya ushahidi wake, wakili wa kampuni, Bwana Kerenge, alimkuta kwenye kibaraza cha mahakama na kumletea kikombe cha chai bila kuombwa.

"Dada Nakijwa. Naona umeomba nakala ya themanini na nane. Karatasi ya zamani ile, itakuchafua mikono."

"Nimeshainawa."

Kerenge alicheka kwa dhati. Alikuwa mtu mchangamfu, na jambo hilo lilimuudhi Nakijwa kuliko ambavyo angeudhiwa na mtu mkorofi. "Tuzungumze kama watu wazima. Ukisema kidole cha yule mama hakikuwa uamuzi, basi uamuzi haukuwa na mtu. Na kifungu cha tisa unakijua: uamuzi usio na mtu ni sawa na radi. Umewahi kuona radi imepandishwa kizimbani? Wajane wa Mkanyeni watarudi milimani mikono mitupu, na utakuwa umewapokonya wewe, si mimi. Kuna mashauri mia mbili na kumi na mawili yaliyoamuliwa kwa kidole. Yote yatafumuka."

"Na nisiposema?"

"Nani kakwambia usiseme? Soma kilichoandikwa. Aliyejibu: M. Semboja. Si imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Basi. Ukweli mtupu, usio na 'huenda'. Si ndiyo sifa yako?" Akainama kidogo, kwa upole wa daktari. "Halafu kile kibali kina sahihi. Mimi naijua ni ya nani, wewe unaijua. Jaji haijui. Kwa nini tumsumbue Jaji, mama wa watu?"

Nakijwa aliweka kikombe ukingoni mwa ukuta kikiwa kimejaa. Kilichomkasirisha si vitisho. Ni kwamba hoja ilikuwa sahihi. Akimwokoa Mwanaidi kwa ukweli nusu, Nangasu anabaki na waya. Akimpa Nangasu mtu kwa ukweli nusu, mtu huyo ni mwalimu asiyekumbuka hata rangi ya kadi. Sheria ilikuwa imeshonwa kwa namna ambayo kila nusu ya ukweli ilimnufaisha mtu aliyemletea chai.

Ikabaki kuusema wote.

4

"Mtaalamu," Jaji Mapunda alisema, "kwa kifungu cha nne, mwenye uamuzi ni mtu wa mwisho aliyeweza kuuzuia. Upande wa mashtaka unasema ni mshtakiwa, maana alitakiwa kuinua kidole tu. Kumbukumbu zinasemaje?"

"Zinasema aliweza kuinua kidole, Mheshimiwa. Hazisemi kwamba aliweza kujua."

Nakijwa alieleza ukurasa wa pili na zile sekunde nne. Akaeleza mara kumi na saba. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma jedwali, na ukumbi ulikuwa unaanza kuchoka aliposema, "Naomba kielelezo namba tano, na idhini ya mahakama kielelezo hicho kitumike."

Karani alikileta kikiwa na kitambulisho cha karatasi kilichofungwa kwa uzi: baragumu la pembe la tandala, jeusi kwa umri, lililopasuka kidogo mdomoni.

"Kabla ya kibali namba 88, hii ndiyo ilikuwa njia ya kujua. Mtu wa zamu hupiga simu, mama huyu hupiga baragumu, watu hutoka, huhesabiwa. Nitaondoa simu, nitaondoa kutoka, nitaondoa kuhesabu. Nabakiza baragumu peke yake. Mama Nangasu apige mwito wa 'tokeni majini', na mimi nitahesabu."

Kerenge alisimama, kwa kuwa sheria ilimpa mwenye mashine haki ya kupinga. "Mheshimiwa, hapa ni mahakamani, si ngomani."

"Nimeusikia utani wako, wakili. Kaa." Jaji alimtazama Nangasu. "Mama, piga."

Nangasu alilishika pembe lake kwa mara ya kwanza tangu polisi walichukue. Alilifuta mdomo kwa pindo la kanga. Kisha akapiga.

Sauti ilijaa ukumbini hadi vioo vya madirisha vikatetema. Askari mmoja alirudi nyuma hatua. Ilianza chini, nzito, ikapanda taratibu. Ilikuwa bado inapanda Nakijwa alipoinua mkono.

"Sita," alisema kwa sauti kubwa ili asikike. "Lango limefunguliwa."

Nangasu hakuacha. Alikuwa na macho yaliyofumbwa na mashavu yaliyojaa, na mwito uliendelea, ukashuka, ukapanda tena, ukakatika mara tatu kwa ghafla, sekunde kumi na moja, kila mtu ukumbini akijua sasa kwamba tangu ya sita ulikuwa unawaita watu waliokwisha kufa. Ulipoisha Nangasu alilishusha baragumu. Kizimbani Mwanaidi alikuwa ameshika mbao kwa mikono miwili.

"Mshtakiwa hakuwa mtu wa mwisho aliyeweza," Nakijwa alisema.

Kerenge alisimama tena, safari hii bila tabasamu. "Kwa hiyo hakuna mtu! Mtaalamu anatuambia hakuna mtu. Mheshimiwa, kifungu cha tisa."

"Sijasema hakuna. Mtu wa mwisho aliyeweza kuzuia ni yule aliyeondoa swali. Hao ni wawili. Aliyeomba liondolewe ni mkuu wa uendeshaji wa kampuni, Bwana Tumaini Lukwaro. Barua yake ni kiambatisho cha kwanza. Alikuwa na takwimu za mara kumi na saba mezani alipoiandika. Aliyeruhusu ni ofisa wa idara ya udhibiti. Alikuwa na wiki tatu za kusoma kurasa kumi na moja. Hakuzisoma."

"Jina lake?"

"Nakijwa Mshana."

Karani aliandika nusu ya jina, akaacha, akamtazama.

"Andika," Nakijwa alimwambia. "Nilipaswa kulisema hili siku mahakama iliponiteua. Sikulisema. Nalo liandike."

Kelele ilipanda, jaji akagonga meza. Nakijwa aligeukia kizimba. Alikuwa na deni la jibu, na alilitoa kwa kuacha atazamwe. Mwanaidi alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeinua mkono baada ya darasa zima kuchapwa. Hakushukuru.

"Kumbe," alisema tu.

Aliyesimama ni Nangasu, baragumu likiwa bado mkononi. "Wewe! Ulikaa barazani kwangu. Ukaniuliza kama nimejaza fomu!"

"Ndiyo, mama."

"Unajitoa kafara ili nikuonee huruma?"

"Hapana. Huruma yako sina haki nayo. Nimekuletea mtu."

"Vizuri." Mama yule alimnyooshea baragumu. "Ng'ombe wa kwanza nilimuuza ili huyu mwalimu afungwe, nikakosea. Wa pili ni wako. Wako na wa huyo Lukwaro. Mkalale mkijua."

"Nitakuja kila siku ya kesi," Nakijwa alisema.

Jaji aliahirisha shauri hadi wiki iliyofuata, akaagiza waliotajwa wasitoke nje ya wilaya, na akaamuru mshtakiwa apewe dhamana. Kilichobaki ni utaratibu. Mahakama nayo ilikuwa na kibali chake cha kutumia kioo: maandishi ya ushahidi hutokea, shahidi huweka kidole, na asipopinga ndani ya sekunde sita huhesabiwa ameyasoma na kuyakubali. Karani alimsogezea kioo. Kurasa thelathini na nne. Taa ndogo ya kijani pembeni.

Nakijwa hakuweka kidole. Aligusa ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.

Alisoma kila mstari. Alisahihisha namba ya lango ukurasa wa sita na saa ukurasa wa tisa. Mawakili walisimama, wakakaa. Feni ilizunguka. Jaji aliangalia saa ya ukutani mara mbili. Kerenge, aliyekwisha kufunga mkoba wake, alimwinamia karani na kunong'ona kwa sauti iliyosikika hadi nyuma kwamba utaratibu unaruhusu sekunde sita, watu wana kazi, je, tutakesha hapa?

"Mwache asome," Nangasu alisema.